Kuni za Msiba wa Pori

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba yako nimejiitikia mwenyewe, kwa sauti nene kama ya kwako, na fundi anayepaka rangi ukuta wa jirani amegeuka kunitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Mwache atazame. Nimekaa kibarazani kwangu hapa Itetemia, mjini Tabora, madaftari ya wanafunzi yananisubiri nisahihishe, na nina mambo mawili ya kukuambia. La kwanza, nimetunga opera. La pili, kipori chako kimekatwa, na aliyesababisha ni mimi. Nilitaka nikuzungushe na la kwanza kabla ya kufika kwenye la pili, lakini wewe hukuwa na subira na mtu wa kuzunguka. Tena naiandika barua hii wazi, yeyote aisome, kwa sababu kosa lenyewe lilifanyika mchana kweupe mbele ya kwaya nzima.

Nakusikia ukiuliza opera ni mnyama gani. Hata mimi nilimuuliza Rehema hivyo hivyo. Rehema ni binti wa fundi cherehani wa mjini, nilisoma naye sekondari, akaenda nje kusomea muziki na sasa amerudi Tabora na fidla yake. Alinijia siku moja akasema anataka tutunge kisa kinachoimbwa mwanzo mpaka mwisho, watu waimbe kila kitu, hata wakisalimiana, hata wakigombana. Akataka kiwe kisa cha kwetu, cha mwaka wa mchanga. Nikamwambia mimi muziki wa mistari mitano siujui, najua do re mi ya kwaya tu. Akasema niandike ninavyojua, ataugeuza yeye. Nilipomweleza mke wako, Mama Kulwa, alisema, "Kumbe ni kwaya ambayo watu wake hawasimami sehemu moja." Sijapata maelezo mazuri kuliko hayo, hata kwa Rehema mwenyewe.

Do re mi hiyo ulinifundisha wewe, ukutani kwenye bani lako la kukaushia tumbaku. Nikitoka shule mama alinipa bakuli la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, limefunikwa kwa sahani, nikuletee. Nilikukuta umekaa kwenye kigoda mbele ya mdomo wa tanuri, shati limefunguliwa vifungo vyote, macho mekundu kwa moshi. Moto wa bani ulitaka kulindwa wiki nzima, usipande wala kushuka, maana ukishuka majani yanaoza na ukipanda yanaungua na kazi ya msimu mzima imepotea. Ulikuwa ukichungulia kipimajoto kwenye kidirisha, unasukuma gogo ndani kwa mguu, halafu unachukua kaa lililopoa na kuniandikia ukutani: d, r, m. Ulinigonga kichwani taratibu kwa fimbo nikikosea. "Sikia kwanza," ulisema, "ndipo ufungue mdomo."

Mimi uliniwekea alto, wewe ukachukua besi. Niliuliza soprano na tenor wako wapi. Ukanijibu, bila kucheka, "Wapo, ila hawajafika." Basi tuliimba hivyo, nusu ya wimbo, tukiacha nafasi za wenzetu, na mpaka leo nikisikia kwaya yenye sauti zote nne huwa naona kama imejaa kupita kiasi.

Njia inayopita mbele ya bani ndiyo ile iliyokuwa ya wapagazi zamani, na ulijivuna nayo kama vile uliichonga wewe. Ulinitembeza humo na gogo begani ukinifundisha mwendo. Mguu wa kushoto anaanza mmoja, mguu wa kulia wanaitikia wote. Ulisema babu wa babu yetu alipita hapo na pembe za ndovu mpaka pwani, na kwamba wale watu waliimba ili bega lisahau. Mwendo huo nimeutia kwenye opera, mwanzoni kabisa. Rehema aliusikia mara moja tu akasema hapo hatanigeuzia kitu.

Niseme ukweli, niliipenda harufu ya tumbaku ikikauka. Ilikuwa tamu, ilikaa kwenye nywele zangu, na darasani wenzangu walijua nimetoka kwako. Siku hizi ukisema hivyo mbele ya watu wenye elimu wanakuangalia vibaya, lakini pua haikusoma. Ada yangu ya chuo ilitoka kwenye majani yale yale. Nilijua, na bado nilikuja kukusema.

Nakumbuka jinsi pori lilivyokuwa likisogea mbali. Nilipoanza darasa la kwanza, magogo ya bani yalitoka nyuma ya nyumba, ungeweza kumwita mtu aliyeko huko akaitika. Nilipofika la nne ulikuwa ukienda na mkokoteni wa ng'ombe. Nilipomaliza la saba mkokoteni uliondoka asubuhi na kurudi jua linazama, na ng'ombe wamechoka hata majani hawataki. Hukuwa peke yako, mabani yalikuwa mengi, kila mzee wa maana alikuwa na lake. Kisha ukaja msimu ukaenda kurina asali, ukarudi na ndoo zile zile zimekauka. Mama Kulwa akauliza nyuki wamekuwaje. "Wamehama," ulisema, ukazisimamisha ndoo ukutani, hukuzigusa tena mwaka ule.

Halafu ndipo ulipokuja mwaka wa mchanga. Mvua ilinyesha siku tatu, mvua ya kawaida tu, tumewahi kuona kubwa kuliko ile. Lakini kilima kilikuwa uchi. Maji yalishuka na mchanga wake wote, yakaingia bondeni, yakafunika majaruba ya mpunga kijiji kizima na kisima pamoja nayo. Asubuhi akina mama walisimama kwenye mchanga wakitafuta kwa miguu kingo za majaruba yao zilipo. Mama Kulwa alikuwa akichimba kwa mikono. Kila alipofukua kidogo, mchanga uliporomoka ukaziba. Sijawahi kumwona akilia isipokuwa siku ile, na hata siku ile alilia akiwa anachimba.

Unajua ninapoelekea. Kikao cha ukoo, viti vimetolewa nje, wengine wanazungumzia kuhamia kwa ndugu zetu Ziba, wengine wanasema ni mapenzi ya Mungu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka chuo kwa likizo, kichwa kimejaa. Nikasimama bila kuombwa. "Mnatafuta nini?" nikasema. "Ninyi wenye mabani ndio mliomaliza pori. Na Mjomba ndiye wa kwanza." Mama yangu aliniamuru niketi. Wewe uliishika kofia yako, ukaigeuza mkononi mara mbili, ukaivaa, ukaondoka kwenda kuwaangalia mbuzi. Hukunijibu siku ile wala siku nyingine yoyote. Ulipokuja kunisindikiza stesheni ya Igalula nirudi chuoni, ulinibebea sanduku, tukazungumza habari za kwaya.

Mwaka uliofuata hukuwasha bani. Ulichukua kile kipande cha nyuma ya nyumba, kisichozidi kiwanja cha netiboli, ukakizungushia miiba, ukawatoa mbuzi, ukaacha visiki vichipue. Kila kisiki ulikibakizia chipukizi moja, mengine ukayapunguza. Nilikuja likizo nikakukuta humo na kisu, umepiga magoti kama mtu anayenyoa mtoto. Ukatangaza kwa kila mtu kwamba hapo hapakatwi, ila kuni za msiba tu. Hilo halikuhitaji maelezo. Kwetu mwanamume haendi msibani mikono mitupu, anakwenda na gogo lake begani, na wanawake wanakwenda na maji na unga. Mimi niliona ni shughuli ya mzee aliyekosa kazi. Nilikuja, nikakusalimu ukiwa humo ndani, nikaingia zangu jikoni.

Tulipokuzika pembeni mwa kipori hicho, ule mti mkubwa wa mtundu ulikuwa umeipita nyumba kwa urefu, na mizinga miwili ya magome ilikuwa na nyuki. Kuni za msiba wako zilitoka humo humo, matawi tu, Mama Kulwa alisimamia mwenyewe.

Sasa opera. Nilikuweka ndani, Mjomba. Nilikupa jina la Mzee wa Bani, lakini hakuna mtu wa kijijini atakayeuliza ni nani. Nikatunga wimbo wa kukushitaki, sauti zote nne, na maneno yake ni yale yale niliyokutolea kwenye kikao. Niliufurahia sana wimbo ule. Besi inauliza, tenor wanarudia, soprano wanapanda juu kabisa, na mwisho wote wanatua pamoja kwenye "ni wewe". Mama Kulwa aliniuliza, "Umemwimba vipi?" Nikamjibu, "Kama alivyokuwa." Akasema basi sawa, akaendelea kupeta mchele. Ningekuwa na akili ningemuuliza yeye alivyokuwa.

Sehemu ya mwisho ya opera, kijiji kinaliomboleza pori kama mtu aliyefariki. Wanakwaya tuliwatoa pale pale kanisani kwetu kijijini. Wanaimba vizuri mno, lakini wamezoea Jumapili, kwa hiyo walisimama mistari miwili, mikono imeshuka, nyuso zimenyooka, wanaomboleza kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Nikawarudisha mara tatu, mara nne. Hasira zangu unazijua, ni za upande wenu. "Ninyi mnakwenda msibani hivyo?" nikawauliza. "Jumamosi mje kama mnavyokwenda msibani kweli!" Nikafunga daftari, nikapanda pikipiki nikarudi zangu mjini.

Jumamosi tulikwenda na Rehema kwa gari la kaka yake. Tulisimama mbele ya kanisa, na hapo tukawaona wanakuja kwa ile njia ya wapagazi. Mbele akina mama na ndoo za maji kichwani, unga kwenye mabeseni, kanga zimefungwa kiunoni. Nyuma wanaume, kila mmoja na gogo begani, wanaimba kwa mwendo ule ule ulionifundisha, kushoto mmoja, kulia wote. Mjomba, sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Rehema alikuwa anarekodi kwa simu na machozi yanamtoka. Mimi pia nililia, kwa furaha, nikajiona mtunzi.

Kisha Masanja akatua gogo lake miguuni pangu. Masanja ndiye besi wetu, ndiye aliyekuwa anakuigiza wewe. Gogo lilikuwa bichi. Gome limebanduka upande mmoja na ndani yake ni kwekundu, mtundu mbichi kabisa, unatoa maji.

"Mmezitoa wapi hizi?" nikauliza.

"Kwa Mzee, Mwalimu," akasema Masanja, na uso wake ulikuwa mweupe hauna kosa lolote. "Si ulisema msiba?"

Nilikimbia. Nina kiatu kimoja mpaka leo sijui kilibaki wapi. Miiba ya uzio ilikuwa imewekwa kando vizuri, kwa adabu, kama watu wanaokusudia kuirudisha. Ndani vilibaki visiki na matawi madogo. Mzinga mmoja ulikuwa chini umepasuka, mwingine waliushusha taratibu wakauegemeza kwenye kaburi lako, na nyuki walikuwa wamejikusanya kwenye uzio, wanavuma. Kabla ya saa kumi walikuwa wameondoka.

Mama Kulwa alikuwa anatoka mlangoni. Amevaa kanga yake nyeusi, ameshika kibaba cha unga.

"Mama, kwa nini umewaruhusu?"

"Walisema kuni za msiba."

"Na hukuuliza msiba wa nani?"

"Kuni za msiba unaulizaje, mayo?" akasema, akiniita mama kwa kilugha chetu. "Nikajua nitasikia huko huko. Kwani nani amefariki?"

Ilibidi nimjibu. Nilisimama mbele ya yule mama, kiatu kimoja mguuni, nikamweleza kwamba hakuna aliyefariki, ni pori, ni kwenye opera. Alinitazama. Alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye kisiki na kushika tumbo, halafu akaona amekaa kwenye nini. Alikipapasa kile kisiki kwa kiganja, akafuta unga wa mbao. Nilikaa chini nikaweka kichwa changu magotini kwake, mimi mwalimu mzima.

Baadaye akainuka. "Kuni zimeshakatwa," akasema. "Tuwapikie watu." Na kweli alipika, unga wa kwaya, maji ya kwaya, kuni zako. Tulikula wote, na zile mbichi zilitoa moshi mwingi. Jioni Masanja na wenzake waliurudisha uzio wa miiba mahali pake, mwiba kwa mwiba. Nikamuuliza Mama Kulwa kama vitachipua. "Vikiachwa vitachipua," akasema. "Wa kuviacha nani?"

Siku tatu baadaye Masanja alinijia shuleni na daftari lake la opera. Alilishika kwa mikono miwili. "Mwalimu, ule mtundu mkubwa niliukata mimi," akasema. "Siwezi kusimama nikawa yule Mzee watu wanamwimbia ni wewe, ni wewe. Nitaimba huku nyuma na besi wenzangu." Nilimwambia kosa ni langu, niliyeagiza ni mimi. Akasema, "Sasa si uimbe wewe?" Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anauliza tu, kama anavyouliza tuanze na sauti gani.

Basi juzi mazoezini nilisimama katikati, kwenye nafasi yako. Wanakwaya waliona haya, wakaimba wakiangalia miguu yao. Nikawaambia waniangalie usoni, waimbe kama ilivyoandikwa. Wakaimba. Besi wakaniuliza, tenor wakarudia, soprano wakapanda, na sauti zote nne zikanitua kifuani. Maneno nilikuwa nayajua, niliyatunga mimi, niliyasema mimi kwa mdomo wangu. Kisha wakamaliza, wakanisubiri. Rehema akashusha fidla akaniuliza, "Hapo unaimba nini?"

Nilifungua daftari, Mjomba, na hakukuwa na kitu. Kurasa arobaini za muziki na sikukuandikia hata mstari mmoja wa kujibu. Nilikufanya ushitakiwe, ukageuka, ukatoka. Miaka yote hii nilidhani ulinyamaza. Nilikuwa nakukuta umepiga magoti kwenye jibu lako na kisu mkononi, mwaka baada ya mwaka, napita pembeni nikidai chai. Nikaja kulikata lote asubuhi moja, kwa wimbo.

Nisamehe. Nimelisema hilo kaburini kwako, lakini pale nililia sana hata sina hakika kama lilisikika, ndiyo maana naliandika hapa. Nakukumbuka, Mjomba. Nakosa besi yako, nakosa hata moshi wako. Ningepewa dakika moja tu ya kile kikao ningeketi kabla mama hajaniamuru.

Jumamosi ijayo tunaonyesha, uwanjani mbele ya kanisa, kijiji chote kitakuwepo na baadaye tutakuja nayo mjini. Mama Kulwa atakaa mbele, amekwisha sema. Jina la Mzee wa Bani nimelifuta daftarini kote, na pale lilipokuwa nimeandika langu, la ubatizo na la ukoo. Watakapofika mwisho wa ule wimbo na kunyamaza, sitatoka kwenda popote. Rehema ameniachia nafasi tupu bila chombo chochote, na ndani yake nimeandika noti tatu tu za alto, zinatosha maneno mawili: "Ni mimi."

Pumzika, Mjomba. Wasalimu wote waliotangulia.

Mpwa wako, mtoto wa dada yako